Abiria wa Tenga la Kuku: Mtwara, Newala, Ndanda

Jumapili usiku, Mtwara mjini

Kesho alfajiri naingia barabarani, na safari hii nina abiria.

Wanaonijua wanajua kwamba ikifika Juni mimi si mtu wa kukaa nyumbani. Natengeneza mashine za kupulizia mikorosho, zile za kubeba mgongoni zenye injini, na mkorosho ukishaanza kutoa maua mkulima hana muda wa kusubiri fundi. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, ukilishika ua, ua linakauka, na korosho ya mwaka huo imekwenda. Kwa hiyo nawafuata hukohuko: Nanyamba, Tandahimba, Newala, nateremka Masasi, napita Ndanda, narudi mjini kwa njia ya Mnazi Mmoja. Nyuma ya pikipiki nafunga sanduku la vifaa na tenga. Tenga linakwenda na vipuri, linarudi na kuku, maana kabla ya minada ya korosho kuanza si kila mteja ana hela mkononi.

Mara hii ndani ya tenga kuna mbwa.

Ni jike, koko kabisa, rangi ya mchanga uliolowa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimkuta sokoni wiki tatu zilizopita, pembeni ya mama mmoja anayeuza ming'oko. Kwa ambaye hajafika kusini: ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba, watu wanavichimba, wanachemsha, wewe unamenya unakula. Huyu mbwa alikuwa anakula maganda. Hakudokoa kwenye sinia, hakurukia mkono wa mtu; alingoja ganda lianguke, ndipo akalifuata taratibu kama aliyeitwa. Shingoni alikuwa na waya, ule wa kufungia nondo, umezama mpaka nyama nyekundu inaonekana. Sikuwa na nia yoyote ya kufuga mbwa. Nilikuwa na koleo mfukoni, basi. Nikaukata waya palepale, naye akatulia bila kunionyesha hata jino moja, na nilipoondoka akanifuata mpaka Magomeni ninakopanga.

Watoto wa pale uani wakamwita Ming'oko. Jina likakaa.

Nilimpeleka kwa afisa mifugo. Akamfunua mdomo, akasema meno ya utotoni yamekwisha kung'oka yote na ya kudumu yamekamilika, kwa hiyo amevuka miezi saba, lakini kwa weupe ule mwaka bado. Akamchoma chanjo ya kichaa, akampa dawa ya minyoo, akaandika kadi. Alipokuwa anaandika akanikumbusha miaka ya 2010 mpaka 2015, Lindi na Mtwara zilipokuwa kwenye ule mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa cha mbwa, watu wamepanga foleni na mbwa wao wamefungwa kwa kamba za katani, wengine kwa mitandio. Hesabu yake anaisema kama mtu anayesoma dua: ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Chini ya hapo unapita.

Tatizo ni mahali pa kulala. Bi mkubwa mwenye nyumba hana ubaya. Tangu siku ya kwanza alimtengea kifuu cha maji nje ya mlango wa uani, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia tena ile hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi. Lakini uani wanatandaza mikeka, wanaanika nguo za kuswalia, na mate ya mbwa kwa madhehebu yetu yanaoshwa mara saba, moja kwa udongo. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sikufukuzi wewe wala simfukuzi yeye. Ila miguu yangu haina nguvu ya kuosha mara saba kila akipita." Akanipa mpaka nitakapoanza msimu. Msimu ndio kesho.

Jumatatu: Mikindani, kisha Nanyamba

Nilianza kwa kwenda upande usio wangu. Mikindani kuna mlinzi ninayefahamiana naye, analinda nyumba ya tajiri mmoja, na bosi wake alikuwa anatafuta mbwa. Ni mwendo mfupi kutoka mjini. Nikaipita ile ghuba maji yakiwa yametoka, wanawake wakiokota chaza kwenye tope, boma la Wajerumani la mwaka 1895 likiwa juu pale limepakwa rangi nyeupe. Livingstone alianzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara, na wanyama aliokwenda nao walikuwa wa kila namna: ngamia, nyati, nyumbu wa mizigo, punda. Mimi nina mmoja na tayari mgongo unauma.

Mlinzi alimtazama Ming'oko, akauliza swali ambalo nimelisikia wiki nzima: "Anauma?"

"Haumi."

"Anabweka?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia.

Akaamua kumpima. Akazunguka nyuma, akaruka ukuta kama mwizi, amejifunga shati usoni. Ming'oko akamkimbilia, akafika, akalala chali akamwonyesha tumbo. Jamaa alicheka mpaka akaketi chini. "Fundi, huyu mwizi akija atamshikia tochi."

Lakini si kicheko kilichoharibu. Kwenye mti wa mwarobaini palikuwa na mnyororo unaning'inia, wa mbwa aliyekufa, na Ming'oko alipousikia unalia kwa upepo akajibanza chini ya pikipiki akitetemeka, mkojo ukamtoka. Mbwa wa ulinzi anafungwa mchana kutwa, anafunguliwa usiku, ndivyo anavyofanywa awe mkali. Kidonda cha shingoni ndiyo kwanza kimeanza kuota manyoya. Nikamrudisha kwenye tenga.

Nikageuza mjini, nikashika barabara ya Naliendele. Nanyamba nilifika jua linazama, mashine nne zinanisubiri. Tatu kati ya nne ugonjwa wake ni uleule wa kila mwaka: mtu kamimina petroli tupu bila oili, pistoni imekwaruzika. Nimesema, nimechoka, nimeandika mpaka kwenye matangi kwa rangi nyekundu. Tumelala kwenye kibaraza cha mteja, mbwa chini ya pikipiki.

Jumanne: Nanyamba hadi Tandahimba

Salfa ya unga, dawa ya ubwiriunga, inapuliziwa alfajiri, upepo umelala na umande uko kwenye majani ili unga ugande. Saa kumi na moja na nusu shamba zima lilikuwa ukungu wa njano. Ming'oko alipiga chafya thelathini mfululizo, watoto walihesabu. Nikamhamishia upande unakotoka upepo, nikamfunika tenga kwa gunia lililolowa maji. Jamani wenye mbwa na mbuzi, waondoeni shambani asubuhi ya salfa. Macho yao yanawasha kama yenu, tofauti hawana mkono wa kufuta.

Tandahimba nilikuwa na matumaini makubwa. Kule juu uwandani mbwa ana kazi: kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo, kuwinda ndezi, na miezi hii ya kufyeka na kuchoma mashamba, panya. Ukisikia mtu wa pwani anacheka kwamba Wamakonde wanakula panya, mwambie aje aonje kwanza ndipo acheke. Mteja wangu mmoja ni mwindaji, ana mbwa watatu wembamba kama mishale, wa nne amepungukiwa.

Tukaenda shambani. Wale watatu wakafukua shimo, udongo unaruka. Panya akachomoka, akapita mbele ya pua ya Ming'oko. Ming'oko akamtazama kama unavyomtazama jirani anayepita njiani kwenda zake dukani. Nadhani angeweza kumsalimia.

Mwindaji hakucheka. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyezaa. "Mbwa wa hivi," akasema, "kwenye nyumba yangu atakufa njaa, fundi. Wenzake hawamwachii." Ni kweli. Chakula kilipowekwa jioni, wale watatu walimaliza yeye akiwa bado anangoja ganda lianguke.

Malipo ya mashine mbili: hela nusu, na kuku jike mmoja wa madoadoa. Nikauliza nitamweka wapi, akaniambia tenga si lipo? Kuku akafungwa miguu akatiwa humohumo. Watu wakakusanyika kungoja manyoya. Kuku alipiga kelele, akamdonoa Ming'oko mara mbili puani. Ming'oko akasogea pembeni, akajikunja, akampisha nafasi.

Jumatano: Tandahimba bado

Mashine zilikuwa nyingi, sikuondoka. Siku hii sikuwa na mpango wa kuiandika, lakini ndiyo iliyonikaa.

Nyumba niliyofikia ina watoto wanne, na kufikia saa nne asubuhi wote wanne walikuwa wanambeba mbwa kwa zamu. Mdogo alimlalia mgongoni akapitiwa na usingizi. Baba mtu akaniambia chinichini, "Fundi, huyu hapa amefika." Mimi nikashusha pumzi. Mke wake alikuwa jikoni anasonga ugali wa muhogo, anatazama, hasemi. Baada ya chakula akaniita pembeni.

"Fundi, usinione nina roho mbaya."

Akanisimulia. Miaka imepita, ni mtoto wa kaka yake. Mbwa aliyemuuma hakuja anakimbia na mapovu mdomoni kama watu wanavyosimulia. Alikuja taratibu, akalala kivulini, taya limelegea, udenda unachuruzika. Watoto wakadhani amekwama mfupa kooni. Yule mtoto akatia mkono kuutoa mfupa. Jino lilimparua kidogo tu, pakapakwa majivu, pakapona. Wiki kadhaa zikapita. Kisha siku moja mtoto akapewa maji kwenye kikombe, akashindwa kuyameza, akalia.

"Hospitali tulifika," akasema. "Lakini tulifika maji yameshamshinda."

Na akifika hapo mgonjwa, hakuna dawa. Chanjo inamwokoa mtu kabla dalili hazijaanza, siyo baada. Alilijua hilo kuliko mimi. Alichotaka niwaambie watoto wake ni kile ambacho kaka yake hakuambiwa: ukiumwa au ukiparuliwa tu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Nikawaambia, wakanisikiliza, yule mdogo bado ameshika mkia.

Nikatoa kadi. Akaisoma yote, tarehe, muhuri, hata jina "Ming'oko" lililoandikwa na afisa mifugo kwa mwandiko wa daktari. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kadi nimeiona. Chanjo kachanjwa. Ila yule naye alikuwa mpole, fundi. Mimi huyu akilala tu kivulini mchana, nitakuwa naita watoto wangu."

Nilikuwa nimezoea kumsifia Ming'oko kwa upole. Kila mlango nilioubisha nilianza na neno hilo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna nyumba ambamo neno hilo lenyewe ndilo linalotisha. Sikubishana naye. Jioni nilimwona akimpelekea mbwa maji kwenye bakuli la plastiki lililopasuka, akalisukuma kwa fimbo kutoka mbali, akasimama anatazama. Ming'oko alikunywa yote. Yule mama alisimama pale mpaka tone la mwisho.

Alhamisi: Newala

Baridi. Mtu wa Mtwara mjini hawezi kuamini kwamba mkoa huuhuu una mahali ambapo Julai unalala na koti. Pancha moja njiani, tairi la nyuma, nikashusha kila kitu: sanduku, vipuri, kuku, mbwa. Wanafunzi waliokuwa wanapita wakaniuliza kama nafanya maonyesho ya Saba Saba.

Mzee mmoja jirani na Shimo la Mungu, pale ambapo uwanda unakatika ghafla na macho yanakwenda mpaka bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, ana mashine ya zamani kuliko mimi. Tulizungumza wakati naifungua. Mbwa wake wawili wanaitwa Mtanikoma na Walimwengu. Nikacheka, akanieleza kama anayemfundisha mtoto: "Jirani akikukosea unafanyaje? Unagombana? Unamwita mbwa wako. Unamwita kwa sauti, jioni, watu wote wako majumbani. Mwenye kusikia atasikia." Mtanikoma alipewa jina kwa ajili ya mpaka wa shamba, kesi imekwisha, mbwa amezeeka na jina lake. Akauliza wangu anaitwaje. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Hilo si jina. Hicho ni chakula."

Alimpenda, alisema wazi. Lakini akaninyooshea kidole ndoo tatu zilizofunikwa kibarazani. Shida ya maji ya Newala haikuanza jana. Uwanda uko juu, maji yako chini, na nyumba nyingi zinanunua kwa ndoo. "Hawa wawili wananywa maji ya mjukuu wangu ya kuogea. Wa tatu atakunywa ya nani?"

Usiku nilichungulia tenga kwa tochi. Kuku nilikuwa nimemfungua miguu ili asivimbe. Alikuwa amelala amejibanza ubavuni mwa mbwa, kichwa kakificha chini ya bawa, na mbwa amejikunja kumzunguka. Ni baridi tu, nikajiambia.

Ijumaa: Masasi

Mteremko, vumbi, breki zinanuka. Masasi ikajitokeza na ile milima yake ya mawe.

Ming'oko alinilamba mkono na suruali kwenye mteremko, sijui kwa woga au kwa furaha. Kwa hiyo kabla ya swala ya Ijumaa nilikuwa nyuma ya gereji na ndoo na konzi ya udongo, nahesabu mpaka saba, vijana wa gereji wananitazama kama nimechanganyikiwa. Akiwa mkavu nami mkavu hakuna neno, lakini huyu ni mlambaji. Nguo za kuswalia nabeba kwenye begi la peke yake, juu ya tangi.

Nilipotoka msikitini jamaa mmoja alikuwa ananingoja. Amemtazama mbwa, amemfunua, ameridhika. Alinitajia bei, na ilikuwa bei nzuri. Kwa wiki niliyokuwa nayo ingenijazia tangi mara kadhaa. Nikamuuliza anamtaka wa kazi gani. "Jike hili, fundi. Ujauzito wa mbwa miezi miwili tu. Mwaka mmoja unauza mara mbili." Banda lake lilikuwa la mabati, nililiona, kila mlango una mnyororo.

Nikamwambia si wa kuuza. Akanifuata mpaka kwenye pikipiki akipandisha dau. Nilipoinua gunia la tenga kumwonyesha kwamba tunaondoka, wote wawili tukaona yai. La kahawia, safi, limelala kwenye mkunjo wa tumbo la Ming'oko. Kuku alikuwa amesimama juu ya sanduku la vifaa anajitangaza. Mbwa ambaye tangu asubuhi alikuwa hajala kitu alikuwa analitazama lile yai, pua karibu nalo, hajaligusa.

Nililichemsha kwenye kibanda cha chai nikala na chapati. Naona haya kidogo kuliandika hilo.

Jumamosi: Ndanda

Ndanda ina watawa Wabenediktini tangu mwaka 1906 na hospitali ambayo watu wanatoka mbali kuifuata, na mahali penye hospitali pana mama lishe, na penye mama lishe pana mtu anayewauzia kuku. Mtu huyo ni mama mmoja wa makamo, mjane, mteja wangu wa mashine moja. Sikumpelekea mbwa. Nilimpelekea plagi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umechelewa, maua yangu yanaliwa." Kisha akaliona tenga. "Na huyo ndani na kuku?"

Nikamweleza juujuu, huku natafuta spana. Nilikuwa nimechoka kuomba. Nikamweleza na habari ya yai kwa sababu ni kichekesho. Yeye hakucheka. Akaniambia nirudie.

Amewahi kuwa na mbwa wawili. Wa kwanza alijifunza kula mayai, na mbwa akishajua ladha ya yai hajui tena kingine. Wa pili alikuwa mkali hasa, mzuri wa usiku, akawa anabakiza miguu tu ya vifaranga. Sasa hana mbwa, ana kicheche anayekuja usiku na mwewe anayekuja mchana, na zaidi ya hao, akashusha sauti, ana kicheche wa miguu miwili. Akatupa jicho kwenye ua wa upande wa kushoto.

"Watu wote wananiambia nitafute mbwa mkali. Mkali wa nini? Mkali anaanza na wangu."

Nikasema lazima nimweleze yote. Haumi. Habweki, angalau mimi sijamsikia. Kufungwa hawezi, ona shingo.

"Nimfunge ili kicheche nimfukuze mwenyewe?"

Akauliza kama atazaa. Nikamwambia kweli, siku za joto zitafika, na madume ya Ndanda nzima yatamfikia. Kuna upasuaji wa kuondoa kizazi, daktari wa kuufanya si wa kila kata, lakini nimeahidi kuchangia gharama nikimpata. Akasema hilo tutalizungumza korosho ikiuzwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Mtwara: hakumpima mbwa kwa kelele. Alichukua mayai matatu akayaweka kwenye kifuu, akakiweka chini karibu na mlango wa banda, pembeni akaweka ugali na mchuzi wa dagaa kidogo. Akaingia ndani kulala.

Mimi nililala kibarazani. Yaani nilijilaza.

Kwenye saa tisa za usiku nilisikia sauti nisiyoijua. Ilikuwa kama mlango mzito unaoburuzwa kwenye sakafu, mara moja, kisha mara tatu mfululizo. Nilikuwa nimekwisha simama na tochi ndipo nikatambua ni yeye. Alikuwa mbele ya mlango wa banda, manyoya ya mgongo yamesimama, anabwekea giza la upande wa kushoto. Kulikuwa na nini kule, miguu minne au miwili, sikuona. Nyasi zilitikisika zikatulia. Ming'oko alinigeukia kana kwamba sauti ile imemshangaza yeye kuliko mimi.

Jumapili: Ndanda, Mnazi Mmoja, Mtwara

Mama alitoka na mswaki mdomoni akaenda moja kwa moja kwenye kifuu. Mayai matatu. Bakuli la ugali limelambwa mpaka linang'aa. Akafungua banda akahesabu kuku, akarudia kuhesabu.

"Mwache mpaka duru ya pili," akasema. "Ukija tena kutengeneza mashine tutaangaliana."

Nikampa kadi, nikamwonyesha tarehe ya kuchanjwa tena mwakani. Nikafunga sanduku, nikafunga tenga. Nilipowasha pikipiki Ming'oko alinijia, akaanza kuruka ili apande. Halafu kuku wa madoadoa, niliyekuwa nimemshika mkononi, akapiga kelele. Mbwa akasimama, akamtazama kuku, akanitazama mimi. Nikamweka kuku chini. Akaingia kwenye kundi la wenzake kama aliyezaliwa pale, na mbwa akamfuata nyuma.

Kwa hiyo kazi yote ile ya Tandahimba nimelipwa nusu.

Nyangao, Mtama, Mnazi Mmoja, nikala mihogo ya kukaanga pale njiapanda, nikakata kulia. Tenga tupu linapiga kelele sana kwenye matuta. Bi mkubwa alikuwa anasubiri mlangoni, akauliza kabla sijazima injini. Nikamwambia. Akasema alhamdulillahi, akaenda kukitoa kile kifuu cha maji pale nje. Alikishika muda, kisha akakirudisha palepale, eti njiwa nao wanakunywa.

Duru ya pili: Ndanda tena

Wiki mbili na siku tatu. Nilizima injini mbali kidogo, nikaingia kwa miguu.

Alikuwa amelala kwenye jua, kanenepa, kifaranga mmoja amesimama mgongoni mwake anakuna udongo uliogandamana na manyoya. Nikaita, "Ming'oko!" Sikio lililosimama likageuka, mwili haukugeuka. Nikaita tena. Akainuka polepole ili kifaranga ashuke, akaja, akaninusa mkono, akanilamba. Mara saba tena, nikawaza.

Mama alikuwa jikoni. Alisikia pikipiki, alisikia nilivyoita, akatoka hadi katikati ya uwanja, akaugeukia ule ua wa kushoto na kuita kwa sauti ya kufika mpaka barabarani:

"Siyako! Njoo hapa! Siyako!"

Mbwa akaniacha akaenda.

Nikamuuliza mama kama jina hilo ni la jirani. Akasema la jirani ndiyo, akaniangalia kidogo, akaingia jikoni kuleta mashine.